Namna ya kuusoma mchezo wa Morphy wa 1858 mpaka ukuingie

Karibu kila anayejifunza sataranji huonyeshwa mchezo huu mapema, na wengi wetu huonyeshwa vibaya. Mwenye kuonyesha anakimbiza kete ubaoni, anafika mwendo wa 16, anamtoa malkia kafara, watu wanapiga ukelele, basi. Nami nilionyeshwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata nikamtoa malkia wangu kwenye mchezo wa kirafiki, nikakaa nasubiri muujiza. Mwenzangu akamla, akarudi kwenye chai yake.

Sikuwa nimeelewa kitu. Malkia wa Morphy alikuja kumalizia tu kazi iliyokwisha kufanyika. Ukiniuliza mimi, mchezo ule uliamuliwa kwenye mwendo wa 8, pale Morphy alipowekewa kitunda cha bure mezani na akakataa kukila. Mwongozo huu utakufikisha hapo na kukuvusha. Utahitaji ubao halisi wenye kete, daftari, kalamu, na jioni mbili au tatu. Simu iweke mbali kwa sasa. Zamu yake itafika.

Wachezaji na mahali

Paul Morphy alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1837. Alisomea sheria, akamaliza angali mdogo mno kuruhusiwa kufanya kazi hiyo, na mwaka 1858 akavuka bahari kwenda Ulaya kutafuta wachezaji wakubwa. Mwezi wa Septemba, mjini Paris, alicheza na watu wanane kwa wakati mmoja bila kuuona ubao hata mmoja: akashinda sita, akatoka sare mbili. Desemba mwaka huohuo alimshinda Adolf Anderssen wa Ujerumani, aliyekuwa tishio la Ulaya nzima, michezo 7 kwa 2 na sare 2. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Mchezo wetu haukuwa wa mashindano. Ulichezwa katika jumba la opera la Paris, kwenye kibanda cha watazamaji cha Karl, aliyekuwa mtawala wa Brunswick, dola ndogo ya Ujerumani, hadi raia wake walipomfukuza mwaka 1830. Mtawala huyo alishirikiana na rafiki yake, Count Isouard. Wawili wakawa wanashauriana dhidi ya mmoja. Morphy alicheza na nyeupe. Inasimuliwa kwamba alikaa amelipa jukwaa mgongo, na kwa kuwa alipenda sana muziki, alitaka wamalizane haraka ageuke asikilize. Iwe kweli au chumvi ya wasimulizi, miendo 17 ilitosha.

Hatua ya kwanza: uandike kwa mkono

Panga kete. Safu zinasomwa kwa herufi, a hadi h, kutoka kushoto kwa mchezaji wa nyeupe. Mistari kwa namba, 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Nitatumia vifupisho hivi: Mf ni mfalme, Ml malkia, Ng ngome, As askofu, Fa farasi. Kitunda, yaani zile kete ndogo nane za mbele, hakiandikiwi herufi. Kinatajwa kwa nyumba kinayoingia. Alama ya × ni kula, + ni cheki, yaani mfalme anashambuliwa. Chekimeti ni cheki isiyo na pa kukimbilia, na mchezo unaishia hapo. Programu za simu zina herufi zao, kwa hiyo ukija kulinganisha usishtuke.

1. e4 e5
2. Fa f3 d6
3. d4 As g4
4. d×e5 As×f3
5. Ml×f3 d×e5
6. As c4 Fa f6
7. Ml b3 Ml e7
8. Fa c3 c6
9. As g5 b5
10. Fa×b5 c×b5
11. As×b5+ Fa (wa b8) d7
12. Mfalme anaingia ngomeni upande wa malkia (mfalme na ngome wanasogea pamoja kwa zamu moja): Mf c1, Ng d1. Nyeusi: Ng d8
13. Ng×d7 Ng×d7
14. Ng d1 Ml e6
15. As×d7+ Fa×d7
16. Ml b8+ Fa×b8
17. Ng d8, chekimeti

Nakili kwenye daftari, kisha cheza wote ubaoni bila kusimama na bila kuuliza swali. Mara moja tu. Unazoesha mkono na jicho, kama mtu anayesikiliza wimbo mpya kabla ya kujali maneno yake.

Hatua ya pili: kila mwendo, swali moja

Rudisha kete mwanzo. Safari hii, kila kete inapotua, uliza: inatishia nini ambacho hakikuwepo kabla? Andika jibu kwa maneno matatu au manne. Usiandike insha.

Miendo ya mwanzo haitakusumbua. Nyeupe anaweka kitunda katikati, farasi anakitishia kitunda cha e5, nyeusi anakikinga kwa d6. Ufunguzi huu unaitwa kwa jina la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa bingwa wa sataranji na pia mtunzi wa opera. Yaani wale mabwana wawili walikaa ndani ya opera, wakacheza ufunguzi wa mtunzi wa opera, na bado wakafungwa.

Kwenye mwendo wa 3 ongeza umakini. Nyeupe anasukuma d4, sasa e5 inashambuliwa mara mbili. Nyeusi anajibu kwa kumtoa askofu hadi g4 ili ambane farasi wa f3: farasi akiondoka, malkia aliye nyuma yake analiwa. Inaonekana akili. Sasa chukua ubao ujionee kwa nini siyo. Nyeupe anakula e5. Nyeusi akirudisha kula kwa kitunda cha d6, malkia wawili wanatazamana kwenye safu ya d: nyeupe anamla malkia wa d8, mfalme mweusi analazimika kumla huyo aliyekula, na farasi wa f3, ambaye hana tena malkia wa kumlinda nyuma yake, anaruka hadi e5, anaokota kitunda, anatishia f7 na askofu wa g4 kwa pamoja. Cheza hiyo njia kwa mkono wako, usiniamini kwa maneno.

Ndiyo maana nyeusi akalazimika kumtoa askofu wake kwa farasi. Hesabu: askofu yule alitumia miendo miwili, na sasa hayupo ubaoni. Wakati huohuo malkia mweupe alitoka nje bila gharama, maana alikuwa anakula.

Mwendo wa 6 ni tishio la wazi: askofu yuko c4, malkia yuko f3, wote wanakitazama kitunda cha f7, na malkia akikila ni chekimeti. Farasi wa nyeusi anatoka f6 na kuziba njia. Halafu unakuja mwendo wa 7, malkia b3, ambao wanafunzi wengi huupita mbiombio. Simama. Malkia amejipanga nyuma ya askofu kwenye mshazari mmoja, kwa hiyo f7 bado inawaka moto. Na papo hapo anaangalia chini moja kwa moja hadi b7, penye kitunda kisicho na mlinzi. Mwendo mmoja, mashambulizi mawili.

Nyeusi anaweka malkia wake e7. Mwendo huu unakinga f7, na una mtego mdogo nitakaoueleza sasa hivi. Ila tazama malkia huyo amekaa wapi: mbele ya askofu wake mwenyewe wa f8. Askofu hawezi kutoka. Asipotoka askofu, ngome ya h8 haitoki, na mfalme hawezi kuingia ngomeni upande huo. Mwendo mmoja umefunga mlango wa watu watatu.

Hatua ya tatu: mwendo wa 8, kaa hapo robo saa

Funika karatasi. Wewe ni nyeupe, zamu yako. Kitunda cha b7 kipo, hakina mlinzi, na nyuma yake kuna ngome ya a8. Ungefanya nini?

Kama umekulia kwenye dama, hapa ndipo penye kazi. Kule, kula ni lazima. Na kwenye bao vilevile: ukiwa na namna ya kula huruhusiwi kutakata, yaani kucheza bila kula. Mkono umezoea. Nimewahi kukaa na vijana wazuri kabisa wa dama wakianza sataranji, na wote bila kuacha hata mmoja walikula b7 kabla sijamaliza kuuliza.

Kula, uone. Malkia mweupe anafika b7. Nyeusi anajibu malkia b4, cheki. Huo ndio mtego. Mfalme wako yuko kwenye cheki na malkia wawili wako kwenye safu moja ya b, kwa hiyo njia nzuri ni kubadilishana: malkia anamla malkia b4, askofu wa f8 anarudisha kula, tena kwa cheki. Umebaki na kitunda kimoja zaidi. Ni faida ya kweli, na mchezaji makini angeweza kushinda nayo, lakini baada ya miendo mingine 40. Na ona ulivyomsaidia mpinzani: askofu wake aliyekuwa amefungiwa, wewe ndiye uliyemfungulia mlango.

Morphy alimtoa farasi hadi c3. Basi. Hakula, hakutishia kwa kelele, alileta mtu mmoja zaidi kazini. Ukiangalia vizuri utaona farasi huyo anaizuia hata ile cheki ya b4 isiwe na makali, kwa hiyo b7 sasa inatishiwa kikwelikweli, na nyeusi anapoteza zamu nyingine kwa c6 ili malkia wake akikinge kitunda kile. Kisha askofu mweupe wa pili anatoka hadi g5, anambana farasi wa f6.

Simamisha ubao hapa, baada ya As g5, uhesabu. Nyeupe ana malkia, maaskofu wawili na farasi, wote nje, na mfalme yuko tayari kuingia ngomeni. Nyeusi ana farasi mmoja aliyebanwa na malkia aliyeziba mlango. Andika namba hizo kwenye daftari: nne kwa wawili. Kila kafara utakayoiona kuanzia hapa inalipwa na tofauti hiyo. Mimi nilipomtoa malkia wangu siku ile ya chai, sikuwa nimehesabu chochote. Nadhani ningepata moja kwa nne.

Hatua ya nne: kafara, moja moja

Nyeusi anasukuma b5 kumfukuza askofu wa c4. Mtu wa kawaida angemrudisha askofu e2, na nyeusi angepata nafasi ya kuvuta pumzi. Morphy anakula b5 kwa farasi, kitunda cha c6 kinamla farasi, askofu anakula b5 kwa cheki. Ametoa farasi, amepata vitunda viwili. Kwa hesabu ya duka amepata hasara. Lakini mfalme wa e8 amenaswa katikati. Jaribu kumkimbiza hadi d8: nyeupe anaingia ngomeni upande wa malkia, na ngome inapotua d1 inampa cheki kwenye safu ya d iliyo wazi. Kwa hiyo farasi wa b8 anakuja d7 kuziba, na papo hapo anabanwa. Hawezi kusogea, maana nyuma yake yupo mfalme.

Mwendo wa 12 ndio naoupenda kuliko yote, na nadra nione mtu akiuzungumzia. Nyeupe anaingia ngomeni upande wa malkia. Unaweza kusema: kwa nini asiilete tu ngome ya a1 hadi d1 na kumwacha mfalme mahali pake? Si itakitishia d7 vilevile? Itakitishia. Ila peleka mbele miendo miwili. Ngome ya kwanza inakwenda kufa d7, na ya pili inatakiwa ije kutoka h1 hadi d1. Mfalme akiwa bado e1, ameziba njia hiyo. Akiwa c1, njia ni nyeupe kabisa: g1 farasi hayupo, f1 askofu hayupo, e1 mfalme hayupo. Panga ubao kwa namna zote mbili, weka kidole kwenye ngome ya h1 na ukivute kwenda kushoto. Kidole kitakufahamisha kuliko mimi.

Nyeusi anakinga kwa ngome d8. Sasa ngome nyeupe inakula d7, ngome nyeusi inarudisha kula, na ngome ya pili inafika d1. Kilichobadilika ni nini? Aliyebanwa d7 alikuwa farasi. Sasa ni ngome, imebanwa vilevile na askofu wa b5. Mlinzi amekufa, mlinzi mwingine ameshikwa pahala palepale, lakini nyeupe ameingiza kazini kete yake ya mwisho iliyokuwa imekaa bure. Baada ya mwendo wa 14 hakuna kete nyeupe isiyo na kazi. Kwa nyeusi, askofu wa f8 na ngome ya h8 hawajagusa hata nyumba moja, na hawataigusa mpaka mwisho.

Nyeusi anasogeza malkia e6. Anamfungua farasi wa f6 na anataka kubadilishana malkia. Funika karatasi tena. Tafuta miendo mitatu iliyoumaliza mchezo. Mpe dakika kumi kichwa chako kabla ya kuendelea kusoma.

Askofu anakula d7, cheki. Mfalme hawezi kumla askofu, maana ngome ya d1 inamlinda. Malkia akila, nyeupe anatoa cheki kwa malkia b8, mfalme anakimbilia e7, malkia anaokota e5 kwa cheki nyingine, na nyumba ya nyeusi inaungua. Farasi wa f6 akila, kama ilivyokuwa, basi ameondoka f6, na askofu wa g5 sasa anaona moja kwa moja hadi e7 na d8. Ndipo malkia anapokwenda b8. Mfalme hana pa kwenda. Malkia mweusi wa e6 angeweza kuja c8 kuziba, lakini farasi wake wa d7 amesimama njiani. Limebaki jibu moja: farasi amle malkia. Akimla, ameacha safu ya d wazi, na ngome inashuka d8.

Angalia kilichobaki upande wa nyeupe: mfalme, vitunda saba, ngome moja na askofu mmoja. Ngome inatoa cheki, askofu anailinda ngome na kufunga e7. Nyeusi ana malkia, ngome, askofu, farasi na vitunda vitano, na hakuna hata mmoja wa kusaidia.

Hatua ya tano: kaa upande wa walioshindwa

Geuza ubao. Wengi huacha hatua hii kwa sababu haina utamu, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa, maana wengi wetu hufungwa kama wale mabwana wawili, hatushindi kama Morphy. Tafuta mahali pawili ambapo nyeusi angefanya vingine. Pa kwanza ni mwendo wa 3: badala ya kumpeleka askofu g4, ale kitunda cha d4, au amtoe farasi f6. Pa pili ni mwendo wa 9: badala ya b5, malkia arudi c7. Hapo f7 bado inalindwa, b7 inalindwa, farasi wa f6 hajabanwa tena kwa malkia, na askofu wa f8 amefunguliwa mlango.

Sasa ndipo uchukue simu. Ingiza mchezo kwenye programu ya uchambuzi na ulinganishe na daftari lako. Programu itakuonyesha kwamba hapa na pale Morphy alikuwa na njia nyingine za kushinda. Usipoteze usiku hapo. Unachotafuta ni zile sehemu ambazo jibu lako uliloliandika na jibu la mashine hayafanani. Zungushia duara hizo tu, uzichezee ubaoni mpaka uone sababu.

Hatua ya sita: bila karatasi

Kesho yake panga ubao, ucheze miendo yote 17 kwa kichwa. Ukikwama, usifungue daftari haraka. Uliza nyeupe anahitaji kumleta nani kazini, na mara nyingi mwendo wenyewe utajitokeza. Ukishaweza, mtafute mtu asiyeujua, umwonyeshe, na ukifika mwendo wa 8 ukunje mikono, umwachie achague. Usimwambie kama amekosea. Cheza njia yake naye hadi malkia waondoke ubaoni.

Kisha chukua michezo yako kumi ya mwisho na utafute kwenye kila mmoja mwendo uliokula kitu wakati ungeweza kuleta kete mpya. Andika idadi pembeni.

Nyongeza kwa mwenye moyo mgumu: weka ubao baada ya mwendo wa 9 wa nyeupe, chukua nyeusi, peleka malkia c7, ucheze na programu kwa nguvu zake zote uone utadumu mpaka mwendo wa ngapi. Mimi bora yangu ni 31.